Kuyeyusha nyama, kuku na samaki bila kuchafua friji: mwongozo kamili

Siku niliyotoa droo ya mboga kwenye friji yetu ili niioshe kikweli, si kuipangusa juujuu, nilikuta chini yake utando wa rangi ya kahawia, umekauka na kupasukapasuka kama tope la mtaro wakati wa kiangazi. Niliuchokonoa kwa ncha ya kijiko, kikabanduka kipande. Nikakinusa. Yalikuwa maji ya kuku.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa na desturi ileile. Ijumaa usiku natoa kuku kwenye friza, namweka kwenye sahani ya kawaida, sahani naiweka shelfu ya kati, nakwenda kulala. Asubuhi sahani imejaa maji mekundu mpaka ukingoni, na yaliyozidi yameshashuka. Yalipita pembeni mwa kioo, yakafuata ukuta wa nyuma, yakaishia kwenye droo yenye nyanya, matango na giligilani. Hizo ndizo mboga za kachumbari, na kachumbari haipiti motoni. Mwezi huohuo mwanangu mdogo alikuwa ameharisha mara mbili, tunamnywesha ORS huku mimi nikiyalaumu maji ya kisima. Tangu siku ile sikuyalaumu maji peke yake.

Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyafanya nyumbani sasa, hapa Tabata, Dar es Salaam, kwenye friji ya milango miwili ya kawaida na watu saba wanaoifungua kutwa nzima. Yote yanazunguka jambo moja: tone la maji ya nyama mbichi. Ukilizuia lisitoke kwenye chombo chake, usafi wa friji unakuwa kazi ya dakika kumi kwa wiki. Ukiliachia, hata ukipangusa kila siku unalisambaza tu.

Kwa nini ndani ya friji, si juu ya sinki

Wengi wetu tumekua tukiona kuku akitolewa asubuhi kabla ya watu kwenda kazini, anaachwa kwenye sinki, jioni anakutwa amelainika tayari kwa kukatwa. Hapa Dar, kati ya Januari na Machi, mchana hufika nyuzi 32 na jiko lenye bati juu hupita hapo. Kuku huyo hayeyuki kwa pamoja. Ngozi na mapaja hulainika mapema na kuanza kupata joto la jikoni, wakati kifua kwa ndani bado ni jiwe. Unapomwona amekuwa tayari, nje yake imekaa kwenye joto saa nyingi.

Na kuganda hakuui bakteria wengi wa kuku na nyama. Salmonella akigandishwa analala tu, akipata joto anaamka. Kwenye mazingira mazuri bakteria wa namna hiyo hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Piga hesabu: bakteria mmoja akijigawa hivyo kwa muda wa saa saba, wanakuwa zaidi ya milioni mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika haraka kisikae nje ya ubaridi zaidi ya saa mbili, na linataja nyuzi 5 hadi 60 kuwa ndiyo eneo la hatari. Wataalamu wa usalama wa chakula hupunguza muda huo kuwa saa moja joto likizidi nyuzi 32. Hapa kwetu hiyo ni siku ya kawaida kabisa.

Kwa hiyo nyama iyeyukie ndani ya friji. Lakini friji nayo haisafishi kitu. Yupo bakteria anayeitwa Listeria ambaye huendelea kukua taratibu hata kwenye ubaridi wa friji, na ni hatari hasa kwa mama mjamzito kwa sababu anaweza kusababisha mimba kuharibika. Maji ya nyama yaliyokauka chini ya droo ni nyumba yake.

Hatua ya kwanza: anza siku unayogandisha

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo wengi tunapokosea.

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki, ile ya rambo, ilipopigwa marufuku, nyama ya buchani huja nyumbani mara nyingi ndani ya kifuko laini chembamba, kilichotiwa ndani ya mfuko mbadala ule wa kitambaa. Mfuko mbadala hauzuii maji. Ukiusimamisha ndani ya friji "kwa muda tu" wakati unavua viatu, tayari kuna duara jekundu kwenye kioo. Mimi naenda buchani na soko la samaki la Feri na kopo langu la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Muuza nyama anaweka moja kwa moja humo. Kopo likifika nyumbani haligusi friji mpaka nimegawa.

Gawa kwa mapishi, si kwa kilo. Nyumba yetu hula nusu kilo ya nyama kwenye mchuzi mmoja, basi kila pakiti ni nusu kilo. Weka kwenye mfuko mzito wa kugandishia, toa hewa kwa kiganja, kisha ubonyeze uwe bapa kama chapati nene, unene wa vidole viwili. Pakiti bapa huyeyuka usiku mmoja na hutoa maji kidogo. Bonge la kilo tatu huchukua siku mbili, linavuja wakati wote, na mwisho wake mtu anachukua nyundo.

Nalisema hili nikifikiria Eid al-Adha. Nyama ya kuchinja inaingia nyumbani bado ina uvuguvugu, sinia moja kutoka kwa shemeji, jingine kwa jirani, na kwa uchovu wa siku hiyo tunaisukuma yote kwenye friza ndani ya mfuko mmoja mkubwa. Katikati ya bonge hilo hubaki joto kwa saa nyingi sana, na friza nzima inapanda joto. Heri kukaa nusu saa zaidi usiku ule, watu wawili, mmoja anakata, mwingine anapakia.

Andika tarehe na jina la kitu kwa kalamu ya maka. Ini na nyama ya kusaga zikishaganda zinafanana, na kuzifungua ili uangalie ni kuchafua mikono na mpini wa mlango bure.

Samaki wa Feri wapasuliwe hukohuko sokoni, utumbo utoke kabla ya kuganda, kwa sababu utumbo uliogandishwa ukiyeyuka ndio unaotoa ile harufu inayokaa kwenye friji wiki nzima. Pweza ndiye peke yake ninayemfurahia zaidi akishaganda: kuganda kunamlainisha, mnapumzika kumpiga.

Kuku wa pakiti unayemnunua akiwa ameshaganda, mwangalie kabla hujalipa. Ukiona barafu nyingi imejikusanya ndani ya mfuko, yenye rangi ya waridi, au kuku wawili wameshikana kama waliounganishwa kwa saruji, ujue waliwahi kuyeyuka wakagandishwa upya. Kuna duka nililolizoea karibu na kituo ambalo nilikuja kugundua kwamba huzima difriza usiku ili kuokoa umeme. Niliacha kununua kuku pale. Na kama wewe mwenyewe huzima friji usiku ili yuniti za Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, zisikimbie, nakuomba uache. Unachookoa kwenye Luku unakirudisha kwenye chakula kilichoharibika na dawa.

Hatua ya pili: pima ubaridi

Friji iwe nyuzi 4 au chini, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Namba za kitasa cha ndani, 1 hadi 7, si nyuzi joto. Kwenye friji nyingi namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Nunua kipimajoto kidogo cha friji, ukitumbukize kwenye glasi ya maji katikati ya friji, usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa.

Ukikuta inasoma 8 au 9 ilhali kitasa kiko juu, usikimbilie kumwita fundi. Angalia kwanza kibandiko cha nyuma au cha ndani chenye maelezo ya friji, utaona herufi. N maana yake imetengenezwa kufanya kazi chumba kikiwa hadi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji nyingi za mtumba zilitoka nchi za baridi, na yenye herufi N hapa kwetu inahangaika kila mchana. Isogeze mbali na jiko na dirisha la jua, iache nafasi ya kiganja nyuma yake ili joto litoke, usifunike juu kwa vitambaa na maboksi. Kisha jaribu raba ya mlango: fungia kipande cha karatasi mlangoni, uvute. Kikitoka bila ubishi, raba imechoka, na hapo fundi ana kazi.

Hatua ya tatu: chombo kimoja cha kuyeyushia

Tenga chombo kimoja, na kisiwe na kazi nyingine. Changu ni kopo la plastiki la lita tano, lina kuta ndefu na mfuniko, na ndani nimeweka kile kisahani chenye matundu kinachokuja na sufuria la mvuke. Nyama inakaa juu ya kisahani, maji yanashuka chini, haiogelei kwenye damu yake. Niliwahi kupima: kuku wa kisasa wa kilo moja na robo alitoa zaidi ya robo kikombe. Hicho ndicho kiasi ambacho sahani yangu ya zamani ilikuwa ikimwaga kwenye nyanya.

Pakiti ibaki imefungwa mpaka imeyeyuka. Hata kama mfuko unaonekana mzima, uweke ndani ya kopo. Mifupa ya mbavu na mapezi ya samaki hutoboa mfuko wakati wa kuganda, na tundu lenyewe hulioni mpaka barafu imeisha.

Hatua ya nne: chini kabisa

Maji hayapandi. Kibichi kikae chini ya kila kitu. Kwenye friji nyingi sehemu ya chini kabisa ni droo ya mboga, na hapo ndipo ushauri wa kawaida unapogoma, kwa sababu ukiweka nyama shelfu ya chini bado kuna mboga chini yake. Mimi nilibadilisha. Droo moja sasa ni ya nyama inayoyeyuka na chombo chake, basi. Nyanya, hoho na karoti zimehamia kwenye kopo lenye mfuniko shelfu ya pili, na mchicha nanunua wa siku hiyo. Kama friji yako ina droo moja tu na huwezi kuihamisha, weka kopo la kuyeyushia kwenye shelfu iliyo juu tu ya droo, chini yake uweke trei yenye ukingo, na mboga zote ndani ya droo ziwe kwenye vyombo vya kufunikwa.

Juu kabisa kiwe kile kinacholiwa bila kupikwa tena: tunda lililokatwa, maziwa mgando, kiporo cha mchana. Mama anayekamua maziwa ya mtoto na kuyagandisha, ayayeyushie shelfu ya juu, nyuma, mbali na mlango, ndani ya kopo lake mwenyewe lenye mfuniko. Yakishayeyuka yatumike ndani ya saa 24, wala yasigandishwe tena.

Kama nyumbani mna dada wa kazi, au watoto wakubwa wanaoingia jikoni, wafundishe kwa kuwaonyesha. Nilimwita wetu, nikamwagia maji ya rangi nyekundu kidogo kwenye shelfu ya kati, tukatazama pamoja yanavyosafiri. Hakuuliza tena kwa nini kuku asikae juu. "Kumbe yanapita hata pale nyuma, mama," alisema, akaenda mwenyewe kuleta kitambaa.

Hatua ya tano: hesabu muda kurudi nyuma

Pakiti bapa ya nusu kilo, toa saa mbili usiku, asubuhi iko tayari. Kuku mzima wa kilo moja na kidogo anahitaji saa 24 hivi, kwa hiyo wa Jumamosi mchana hutoka Ijumaa asubuhi au, kwa usalama wa ratiba, Alhamisi usiku. Paja zima la mbuzi mpe siku mbili. Kamba huwa tayari kwa saa chache. Samaki aina ya changu wa sahani moja, usiku mmoja unamtosha.

Vikishayeyuka ndani ya friji, kuku, samaki na nyama ya kusaga vipikwe ndani ya siku moja au mbili. Vipande vya ng'ombe na mbuzi vinaweza kusubiri siku tatu hadi tano. Mipango ikivunjika, wageni hawakuja, nyama iliyoyeyukia ndani ya friji wakati wote unaweza kuirudisha kuganda bila kuipika. Itapoteza maji na ulaini, lakini haina ubaya. Iliyoyeyukia kwenye maji baridi, ipike kwanza ndipo uigandishe.

Kwa vibua, jodari na nguru niwe mkali zaidi. Samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao sumu iitwayo histamini, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Mtu anakula, muda mfupi baadaye uso unamwiva na kumwasha, kichwa kinamgonga, anadhani ana mzio wa samaki. Hao wayeyushie kwenye friji tu, na wakishayeyuka waende jikoni siku hiyohiyo.

Ukiwa na haraka

Njia ya maji baridi inaandikwa kila mahali: nyama ndani ya mfuko usiovuja, izamishwe kwenye maji baridi, yabadilishwe kila dakika 30, nusu kilo huyeyuka kwa muda wa saa moja hivi. Tatizo ni kwamba maji ya bomba hapa si baridi. Yakitoka kwenye simtanki lililo juu ya paa, mchana wa Februari, yanakaribia kuwa maji ya kuogea mtoto mchanga. Kwa hiyo tumia maji ya chupa yaliyokuwa ndani ya friji, au tia vipande vya barafu kwenye beseni, na uendelee kubadilisha. Ukimaliza pika palepale. Beseni hilo lioshwe kwa dawa, lisirudi kuoshea mchele kabla ya hapo.

Maji ya moto hapana. Kuianika juani kwenye ukuta wa uani hapana, hata ikiwa imefunikwa kwa kawa.

Wakati mwingine huna haja ya kuyeyusha kabisa. Pakiti bapa ya nyama ya mchuzi au supu inaingia sufuriani ikiwa imeganda, ongeza tu muda wa kupika kama nusu ya ule wa kawaida. Maharage yaliyochemshwa na kugandishwa yanakwenda hivyohivyo. Kuku mzima aliyeganda usimfanyie hivyo, nje atakauka na ndani atabaki mbichi, na chochote chenye barafu usikitie kwenye mafuta ya moto, yataruka mpaka ukutani. Maikrowevu inafaa ikiwa unapika mara moja, kwa sababu kingo za nyama huanza kuiva humohumo.

Hatua ya sita: kusafisha baada ya kila kuyeyusha

Andaa vitu kabla hujatoa kopo: sabuni ya kuoshea vyombo, maji ya uvuguvugu, vitambaa viwili safi au karatasi za jikoni, na maji ya jiki. Maji ya jiki yawe kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji ya kawaida, kwa jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5, soma chupa yako, yenye nguvu zaidi ipunguze. Iwe ile isiyo na manukato. Usichanganye na maji ya moto, na kamwe usiichanganye na siki, ndimu au dawa ya choo, maana inatoa gesi inayochoma kifua.

Toa kopo likiwa limefunikwa, lipeleke moja kwa moja kwenye sinki. Sogeza mbali vyombo vilivyo kwenye kichanja kabla ya kufungua. Maji ya nyama yamwage taratibu kwenye tundu la sinki, karibu kabisa na tundu, si kutoka juu. Sisi huku tunaosha kuku, najua, na sitegemei kuibadilisha nyumba yako leo. Lakini kumwosha chini ya bomba linalomiminika kunarusha matone mpaka kwenye vikombe, na bakteria wanaobaki kwenye kuku wanauawa na moto, si maji. Ukiosha, oshea ndani ya beseni lenye maji kidogo, mikono ikae ndani.

Kisha nawa mikono kwa sabuni sekunde 20 kabla hujagusa mpini wa friji. Mpini ndio unaosahauliwa kuliko kitu chochote.

Sasa ile droo. Toa yote. Kama friji yako ina shelfu ya kioo unayotaka kuosha nayo, iache nje dakika kadhaa kwanza, kioo cha baridi kikikutana na maji ya moto hupasuka. Ukiona tone, lifyonze kwa karatasi kwa kubonyeza, usilipake. Osha kwa sabuni, suuza, ndipo upitishe maji ya jiki, uyaache dakika moja au mbili, ukaushe kwa kitambaa cha pili. Utaratibu huu usiugeuze: jiki ikikutana na mafuta na damu nguvu yake inaisha, kwa hiyo sabuni lazima itangulie.

Kitambaa cha kwanza kichemshwe dakika tano au kiende kwenye ndoo ya kufulia saa hiyohiyo. Kile kitambaa kimoja chenye unyevu kinachoning'inia kwenye bomba wiki nzima, kikipangusa meza, friji na mdomo wa mtoto, ndicho kinachosambaza kila tulichojitahidi kuzuia.

Kwa harufu ya samaki, vijiko viwili vikubwa vya magadi soda kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, pangusa kuta zote. Kisha weka vipande vya mkaa mkavu kwenye bakuli wazi, shelfu ya nyuma, ubadilishe kila mwezi. Ndimu inaficha tu.

Kila mwezi

Mikunjo ya raba ya mlango huota ukungu mweusi kwa unyevu wetu wa pwani. Tumia mswaki wa zamani na maji ya sabuni, ukaushe. Tundu dogo lililo chini ya ukuta wa nyuma, linalopeleka maji nje, lizibue kwa mrija wa soda na maji ya uvuguvugu. Likiziba, maji yote hujikusanya chini ya droo, palepale nilipokuta ule utando.

Friji isiyojiyeyusha, ukiona barafu ya friza imefika nusu sentimita, izime, hamishia vyakula kwenye hotpoti kubwa yenye barafu au kwa jirani, weka sufuria la maji ya moto ndani, funga mlango usubiri. Usitumie kisu. Mabomba ya gesi yapo nyuma tu ya ile bati nyembamba, na friji nyingi mpya zina gesi ya R600a inayoshika moto.

Nyuma ya friji, chini, kuna kitrei kinachopokea maji ya lile tundu. Hiki kisisubiri mwezi: kivute, ukimwage, ukisugue kila wiki. Mbali na harufu, mbu aina ya Aedes hutaga kwenye maji kidogo yaliyotulia ndani ya nyumba, na ndiye anayeeneza dengi, iliyoitikisa Dar mwaka 2014 na tena 2019.

Umeme ukikatika

Usifungue. Friji iliyofungwa huhifadhi ubaridi saa nne hivi, friza iliyojaa saa 48, ya nusu saa 24. Ukirudi, nyama ambayo bado ina chembe za barafu ndani yake unaweza kuigandisha tena au kuipika. Iliyokuwa laini na yenye joto, itupe, hata kama hainuki. Bakteria wa hatari wengi hawatoi harufu.

Na kabla ya kusafiri kwenda mikoani Desemba, gandisha kikombe cha maji, juu ya barafu yake uweke sarafu, ukirudishe ndani ya friza. Ukirudi na kukuta sarafu bado iko juu, friza haikuyeyuka. Ukiikuta chini ya kikombe, kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya wakati hamko, na difriza nzima inaanza na ndoo ya takataka kabla ya sabuni na jiki.